Mzee Alipomwita Mkamwana Dada

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya upasuaji, Iringa, nilimwambia muuguzi kiongozi kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani ameamka. Akanitazama juu mpaka chini. "Macho ndiyo yameamka, binti. Umemuuliza yuko wapi? Nani kamleta?" Nikanywea. Tangu hapo nikawa nauliza, na nyie mnaoingia kazini leo na mashine zenu za kila aina, ulizeni.

Maana wazee wengine wakitoka kwenye dawa ya usingizi huchanganyikiwa: wanasahau watu, wanaona visivyokuwepo. Si uchawi, wala si wazimu. Wengi hutengemaa baada ya siku chache. Wengine hawarudi kama walivyokuwa.

Nilipohamishiwa Mbeya tulimpokea Mzee Mwakyoma, Mnyakyusa wa mila hasa, kavunjika nyonga. Mwanawe, dereva wa lori, alikuwa amekwama Tunduma, hivyo aliyemhudumia ni mkamwana wake, Tusajigwe. Kwa mila yao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemeshani. Binti aliacha chakula mlangoni, tukampelekea sisi.

Baada ya upasuaji, mzee akamwona pale pale mlangoni. "Dada! Mbona unasimama huko? Njoo unilishe."

Dada yake alishafariki zamani. Tusajigwe akajificha nyuma yangu. Daktari akapima damu, akabadilisha dawa za maumivu, akasema tungoje, hana ahadi. "Akae na mtu wa kwao, asikie lugha ya nyumbani."

"Mama, siwezi," binti alinilalamikia. "Akija kujua, atakufa kwa aibu."

"Ajue kwanza, mwanangu! Hiyo aibu tutaibeba wote."

Akakaa. Akamlisha, akamvalisha miwani, akaitikia huo udada. Mzee akawa anamsimulia mambo ya utotoni huko Tukuyu, kamshika mkono. Binti wa watu, aliyekua bila baba, akaanza kufika kabla hatujafungua mlango. Mimi roho iliniuma, maana akili ya mzee haikuonyesha dalili yoyote ya kurudi.

Nimestaafu sasa, nipo zangu Soweto, hapa hapa Mbeya, magoti yamenigomea. Wakiniuliza ni siku gani ya kazi siisahau, nawaambia ni asubuhi ile mzee, katikati ya uji, alipomkazia macho Tusajigwe, akavuta blanketi mpaka kichwani. "Nesi! Mke wa mwanangu anafanya nini hapa? Mtoeni!"

Jamani, wodi nzima tulishangilia! Tusajigwe nilimkuta koridoni, bakuli mkononi, analia.

"Amepona, mama," akasema. "Sasa hataniita tena."