Nilinusa gobore la mume wangu mbele ya kijiji kizima

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, ila sidhani. Nina miaka hamsini na moja, naishi Ifakara, na nimelala na jambo hili moyoni tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Naomba jina langu lifichwe. Binti yangu nitamwita Neema, na yeye ni mfuasi wa ukurasa huu.

Nilikuwa nimeolewa kijiji cha Mbingu. Mume wangu alikuwa mkulima wa mpunga, mtu mpole, na kama wanaume wengi wa kule alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori. Mpunga ukishaanza kuchanua alihamia shambani, analala kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Msimu ule dada yangu alijifungua, nikaenda Viwanja Sitini, huku Ifakara mjini, kumhudumia, Neema mgongoni. Shemeji alikuwa na deki ya video, na kila jioni tuliangalia kanda za wapelelezi, yeye akitutafsiria. Mimi zilinikamata kweli. Kulikuwa na mtaalamu mmoja wa silaha, koti jeupe, anaokota bunduki, ananusa mtutu, anatamka: "Hii imepigwa jana." Basi, muuaji anashikwa. Nilikaa pale wiki mbili, nikarudi nyumbani najiona nusu askari.

Nilifika Mbingu Jumatano. Asubuhi hiyo hiyo mfugaji mmoja wa Kisukuma, baba wa watoto, alikuwa amekutwa amekufa kando ya mashamba, kapigwa gobore. Kesho yake mwenyekiti akaita watu kwenye ofisi ya kijiji, wenye magobore wakayaleta, matano, yakalazwa chini. Mwenyekiti akasema hakuna mtu anayeweza kujua lipi limetumika. Mimi mdomo wangu ukatangulia. Nikasema, "Inajulikana, mwenyekiti. Ukinusa tu unajua."

Naapa nilitaka kumsafisha mume wangu. Nilijua hawezi kuua mtu, nikataka wote waone. Na nilitaka pia waone kwamba mimi nimetoka mjini na kitu. Nikayanusa manne, yananuka kutu na mafuta ya taa. Nikainamia la mume wangu kwa kujiamini kabisa. Lilinuka baruti mpaka nikarudi nyuma.

"Vipi, Mama Neema?" mwenyekiti akauliza.

Nikasema, "Hili limepigwa jana au juzi."

Mume wangu akanitazama. Akasema taratibu, "Mke wangu, hiyo ni ya Jumamosi. Nguruwe walikuja, na sikulisafisha." Nikamjibu mbele za watu kwamba harufu haikai siku zote hizo. Nilimjibu kama mtaalamu.

Polisi walimchukua kwa kesi ya mauaji, akakaa mahabusu karibu miaka miwili, kisha kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi. Mimi nilikuwa nimesharudi kwa wazazi wangu Ifakara. Alipokuja akataka kumbeba Neema, nikamwambia, "Usimguse mtoto kwa mikono hiyo." Hakubishana. Alienda zake Mlimba. Neema alipokua na kuuliza, nilimwambia baba yake aliua mtu. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja.

Mwaka jana jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya askari wa wanyamapori, alikaa kwangu tukiangalia tamthilia ya polisi kwenye televisheni. Mtaalamu wao akachomeka kalamu kwenye mtutu kuinua bastola, mzee akacheka, akasema hapo ameshaharibu ushahidi. Kisha mtaalamu akanusa. Mzee akapiga makofi kwa kicheko. "Hawa waongo, mama. Gobore usipoliosha kwa maji ya moto linanuka wiki nzima, hata mbili. Utajuaje limepigwa lini? Pua haina saa."

Nilijifanya naenda kuangalia maharage jikoni. Nilisimama pale mpaka yakaungua. Sijui mpaka leo ni nani alimuua yule mfugaji. Ninachojua ni kwamba kilichomfanya mume wangu awe muuaji pale kijijini ni pua yangu, basi.

Nikapanda treni mpaka Mlimba. Amezeeka, mgongo umepinda. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti, akasema, "Karibu, Mama Neema," kama vile nilitoka jana. Nikamuuliza kwa nini hakutupigania mimi na mtoto hata kidogo. Akasema, "Niliposikia umesema vile mbele ya kijiji, nikajua umepata mtu mjini, unataka niondoke. Nikaona basi, niondoke."

Nikamweleza ukweli, kwamba hapakuwa na mtu, ilikuwa ni kanda za shemeji. Akauliza, "Video tu?" Nikasema ndiyo. Akafuta macho kwa kiganja, na mimi nililia mpaka nikakosa sauti. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Sasa Neema anaolewa mwezi ujao, ndoa imeshatangazwa kanisani. Baba yake ameomba kitu kimoja tu, aje akae hata benchi la mwisho. Nilipomgusia Neema, akasema, "Mama, yule muuaji akiingia kanisani mimi natoka." Maneno hayo ni yangu, nilimlisha mwenyewe tangu mdogo. Nikimwambia ukweli nampoteza binti niliyebaki naye, tena wiki chache kabla ya harusi yake. Nikinyamaza, namhukumu baba yake mara ya pili.

Jana amenipigia simu. Hakuuliza kama Neema amekubali. Amesema ameshashonesha suti, anauliza harusi ni saa ngapi. Wenzangu, mtakaonitukana nitukaneni, ila kabla hamjamaliza niambieni nimjibu nini.