Shairi la Fundi Pasi

Miaka ile mamluki, askari wa kukodiwa, walipokuwa wakitamba Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, mimi, mtu wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, nilikuwa nikiwapigia pasi suruali zao kwa dobi mmoja. Nilizinyoosha hata ungeweza kunyoa ndevu kwa mkunjo wake. Baada ya magharibi nilikwenda kusoma Kiswahili kwa muuza nguo aliyewahi kuishi Unguja. Kwetu, tajiri mmoja alikwisha niahidi kazi ya kuandika barua za Mombasa, mradi nilete cheti.

Siku ya mtihani mwalimu wetu huyo aliandika ubaoni shairi la kuchekesha, alilotunga mwenyewe, tueleze kwa mdomo, kisha tuandike, vina, mizani na hali yake, yaani limetungwa kwa nia gani:

Fundi pasi wa Ndzuani, ajuaye taadhima,
Suruali i kambani, naye wima asimama.

Darasa zima, watu wa Moroni watupu, walimcheka huyo anayeipigia saluti suruali tupu ya mamluki, mpaka nikadhani bati litang'oka. Wakajibu kwa zamu: waliokwisha fanya ndoa kuu, ile arusi ya karamu kubwa impayo mtu cheo mjini, mbele, wasioifanya nyuma. Mimi, mgeni tena kapera, nikawa mkiani kabisa. Wote walisema hali yake ni mzaha.

Nikasimama. Vina, nilisema, ni vya ni na ma, havina kasoro. Mizani ni nane kwa nane. Nilikwisha ihesabu kwa vidole mara mia. Ila hali yake si mzaha, ni chuki.

Mwalimu akasema kila mtu amecheka isipokuwa mimi, na kwamba sisi wa Ndzuani kununa ndiyo kazi yetu. Niandike mzaha, la sivyo nirudi mwakani. Mwanafunzi mmoja akaniambia nikaiulize suruali.

"Sawa, mwalimu," nikasema. "Kesho napeleka nguo kambini kwa askari. Nitawasomea wenye suruali, nao wacheke. Wakiuliza mtunzi, nimtaje nani?"

Wallahi nisingethubutu, askari wale nilizoea kuwaachia nguo langoni na kutimka. Lakini mwalimu na darasa lake wangejuaje? Yule aliyenitania aliinamia daftari lake kama anayesoma Kurani. Mwalimu akaufuta ubeti, akaufuta tena pale ambapo hapakuwa na chaki, kisha akatia sahihi cheti changu bila kunitazama.

"Andika chuki," alisema. "Meli ya Mutsamudu inaondoka Alhamisi. Uwemo."