Abiria Mmoja Hajafika

Kwa miaka thelathini na mmoja Morihiko Tashiro aliwapeleka watu Takayama, na yeye mwenyewe ni kama hakuwahi kwenda. Alikuwa dereva wa basi la watalii mjini Nagoya. Wageni wakishashuka kupiga picha majani mekundu ya milimani, dereva hubaki akifuta vioo. Jioni wageni hukaa mkekani mbele ya vibakuli kumi na viwili. Dereva hula jikoni, tena wima, kisha hulala kwenye chumba cha madereva, ukuta mmoja na stoo ya magodoro. Kila akirudi nyumbani, mkewe Tokie alimuuliza, "Majani yalikuwaje mwaka huu?"

"Mengi. Yanateleza."

Basi. Hilo ndilo jibu alilolipata mwanamke wa watu kwa miaka yote hiyo. Lakini palikuwa na ahadi. Morihiko aliitoa wakiwa bado vijana na aliirudia kila mwaka huku akivua soksi: nikistaafu, Mama, tutakwenda mimi na wewe, bila haraka, tutakaa tu dirishani. Tokie alikuwa karani wa shule ya msingi, na makarani hawasahau. Aliyeahidi ndiye aliyeanza kusahau.

Alipostaafu lilikuja goti la Tokie, kisha wajukuu, kisha hili na lile. Mwaka huu, akiwa na miaka sabini na saba, Morihiko alikwenda kufanya mtihani wanaopewa wazee wanaotaka kuhuisha leseni. Alionyeshwa picha kumi na sita, akakumbuka tatu. Leseni ikabaki hukohuko. Jioni ile Tokie akaamua kwamba Takayama ni mwaka huu, mwisho wa Oktoba, majani yanapogeuka mekundu, liwalo na liwe. Hakumwambia mtu sababu. Aliogopa kwamba mwakani mumewe angemtazama vilevile anavyomtazama muuza tofu apitaye njiani.

Sisi huku tuna ugonjwa wetu, nao hauna dawa: tunaogopa kumsumbua mtu. Hata tukizama mtoni, tutaomba radhi kwa kuwarushia watu maji. Tokie alikuwa nao kuliko wengi. Jirani yao Bi Kuwabara, ambaye hujua hata samaki gani umemchoma, hakujua lolote kuhusu hali ya mzee. Binti yao Chizuru, aliyeolewa Osaka, aliambiwa baba amechoka kidogo. Na nyumba ya wageni ya Takayama Tokie aliipigia simu akiwa na uongo wake ameshaupanga.

"Vyumba vipo, karibuni sana," alisema Bi Nunokawa, mwenye nyumba.

"Na bafu mnalo lile dogo, la familia kuingia pamoja?"

"Lipo. Ila kubwa la nje linatazama mto. Mzee atalifurahia zaidi."

"Ana ngozi laini. Maji ya moto yanamwasha."

"Maji ni yaleyale, bibi. Yanatoka chini ya mlima mmoja."

Tokie akababaika. "Basi tuseme anaona haya," akasema, na aliyeona haya akawa yeye.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kwenye bafu kubwa wanaume hupita pazia la bluu na wanawake pazia jekundu, na mke hamfuati mumewe huko. Morihiko akipita pazia lile peke yake, nani angemkumbusha kunawa kabla ya kuingia kwenye bwawa? Nani angemkumbusha kuvaa kabla ya kutoka? Tokie alikuwa akiamka alfajiri akiwaza pazia la bluu tu.

Hata hivyo alikaa akatengeneza kijitabu cha safari, kama kile anachopewa kila mtoto wa shule anapokwenda ziara. Alichora jani jekundu kwenye jalada. Ndani aliandika machache kwa makusudi. Siku ya kwanza: kufika, kukaa. Siku ya pili: kutembea mpaka darajani, kukaa. Siku ya tatu: kula vitonge vya unga wa mchele vya kuchoma, kurudi. Kurasa zilizobaki aliziacha nyeupe, maana hiyo nafasi tupu ndiyo aliyokuwa ameingoja maisha yake yote.

Siku mbili baadaye alikikuta kimejaa. Mwandiko ulikuwa wa Morihiko, ulionyooka kama zamani. Saa 1:00 kuondoka. Saa 2:40 kusimama, choo, dakika kumi na tano. Abiria 42. Wanaotapika wakae mbele.

"Baba, haya umeandika wewe?"

"Sasa nani? Umewapangia watu kukaa tu kutwa nzima. Watalalamika."

"Watu gani? Ni mimi na wewe."

"Basi zima kwa watu wawili? Utaifilisi kampuni, Mama!"

Tokie alicheka mpaka akashika ubavu. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza.

Ikabaki wiki moja na nusu. Jumanne moja asubuhi Tokie alikwenda kuchukua dawa ya goti, akarudi akakuta ndara za mumewe zimepangwa vizuri mlangoni na viatu havipo. Alizunguka mtaa mzima. Alizunguka bila kupaza sauti, ili asiwashtue watu, na hilo linaniudhi mpaka leo ninapolisimulia. Mchana ndipo mlinzi wa duka kubwa alipopiga simu. Palipo duka hilo zamani palikuwa na karakana ya mabasi. Morihiko alisimama kwenye maegesho, karibu na vitoroli, amevaa glavu zake nyeupe za udereva.

"Tangu asubuhi ananiuliza kama nimeliona kundi la akina mama watalii kutoka Ichinomiya," mlinzi alimwambia Tokie. "Nikimwambia apumzike anasema abiria hawajafika."

Aliyempeleka Tokie huko na kuwarudisha wote wawili kwa gari lake ni Bi Kuwabara. Siri ikaishia hapo.

Chizuru alifika kesho yake na begi moja na maneno mengi. "Ghairi, Mama. Jana kapotea dukani. Akipotelea milimani utamwita kwa kunong'ona?"

"Nitamshika mkono."

"Hata atakachokiona hatakikumbuka! Hii safari unamtafutia yeye raha, au unajitafutia wewe?"

Tokie alikuwa akimenya tunda. Akaweka kisu chini. "Najitafutia mimi," akasema. "Miaka thelathini na mmoja aliwapeleka wake za watu. Sasa ni zamu yangu, na zamu yenyewe inaondoka naiona."

Chizuru akalia. Mama yake hakulia. Kwa sababu binti alikuwa amesema kweli kuhusu hatari, Tokie alinyanyua simu mwenyewe ili aghairi.

"Bi Nunokawa, nilikudanganya," alisema. "Hana ngozi laini. Mume wangu anasahau. Anasahau nguo, anasahau njia, siku nyingine ananisahau na mimi. Samahani sana kwa usumbufu. Naomba kufuta chumba." Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema hayo kwa sauti.

"Tashiro," alisema Bi Nunokawa. "Si yule dereva aliyekuwa akila wima jikoni kwetu?"

"Ndiye."

"Jamani! Kila mwaka alikuwa ananiomba nimwonyeshe chumba cha juu kinachotazama mto. Haingii. Anavua kofia, anachungulia mlangoni, anashuka. Nikimuuliza anasema anakikagua kwa ajili ya mtu." Akavuta pumzi. "Bibi, wazee wanaosahau wanafika hapa kila wiki. Ulidhani unaye wewe peke yako? Mdogo wangu wa kiume ana miaka sitini, ataoga naye. Chumba sifuti."

Basi asubuhi ya safari walisimama kwenye stesheni ya Nagoya, Tokie na matonge yake ya wali kwenye kitambaa, Morihiko na glavu nyeupe. Alizitafuta mwenyewe, naye Tokie hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Wakati wa chai alikuwa amemwambia mara mbili, mimi ni Tokie, mkeo, na mara zote mbili Morihiko aliinamisha kichwa kwa adabu akaomba radhi, kama mtu aliyekosea chumba.

Treni ilipofungua milango alisimama kando ya mlango na kuinama. "Karibu, bibi. Kiti namba?"

"Tisa D."

"Dirishani. Bahati yako."

Tokie akapanda, akageuka. Morihiko alikuwa bado nje, akitazama ngazi. "Panda, Baba. Inaondoka."

"Bado. Abiria mmoja hajafika."

"Nani?"

"Mke wangu." Alikuwa akivuta glavu, akipanga kila kidole. "Nilimwahidi. Siwezi kumwacha hapa, amengoja sana."

Kengele ikaanza kulia. Tokie alitaka kupiga kelele, nimefika, mimi hapa, nitazame! Aliona jinsi ambavyo mumewe angeinamisha kichwa tena na kuomba radhi, na mlango ungefungwa yeye akiwa huko nje.

"Ametangulia," akasema. "Yuko chumba cha juu, kile kinachotazama mto."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi twende," akasema Morihiko, na akapanda.

Alikaa kiti cha pembeni, mgongo wima. Treni iliacha mji, Tokie amegeuzia kioo uso wake ili asimsumbue abiria mwenzake kwa machozi. Vilima vya kwanza vilipotokea, alihisi glavu ikimgusa kiwiko taratibu.

"Samahani, bibi. Wewe uko dirishani. Ukiyaona majani, uniambie yalivyo. Mke wangu ataniuliza, na sijawahi kumjibu vizuri."