Maswali Niliyokataa Kuyatoa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Majaribio hakunipa kompyuta. Alinipa kiti na kikombe cha chai, akaniuliza, "Ukipewa mtihani ule ule wa jana, upite, tutakuwa tumejua nini juu yako?" Nikamwambia hakuna. "Basi kazi umeielewa." Alikuwa mzee wa kutoka Meru, mkali, na kabla ya chai ya saa nne hukuthubutu kumtania.

Ofisi yetu ilikuwa Nyeri mjini, juu ya duka la mbolea. Wenzetu walitengeneza programu ya kupanga: unaieleza hali ilivyo, vitendo vinavyoruhusiwa na lengo, nayo inatafuta hatua za kufuata. Sisi wawili tulitunga matatizo ya kuipima. Gari liko Karatina, mitungi ya oksijeni iko Nyeri, mgonjwa yuko Tetu, daraja limefungwa, haya, panga! Mkusanyo huo tuliuita benki. Sehemu moja tuliwapa watengenezaji waifanyie mazoezi. Nyingine tuliificha, na hapo ndipo chuki ilipoanzia, maana nani anapenda mtihani asiouona?

Mzee alipostaafu, nikapewa cheo chake. Punde tukapata kazi ya kupanga magari ya kupeleka oksijeni kwenye vituo vya afya. Kabla ya kukabidhi, programu ilipaswa kupimwa mbele ya daktari msimamizi wa vituo hivyo. Siku moja kabla, Mkurugenzi aliingia kwangu, akafunga mlango.

"Mama Wairimu, hiyo benki umeficha, wape vijana waione."

"Siwezi, Mkurugenzi."

"Ni kuangalia tu. Kwani wewe uko upande gani?"

"Upande wa yule ako na maski kwa pua huko kituo cha Gakindu."

"Programu inapita kila kitu! Ama unataka tufunge ofisi? Ukikataa, baada ya kesho usijisumbue kurudi."

Niliogopa, nisiwadanganye. Nilikuwa na binti chuoni, na mume wangu hakuwa na kazi. Lakini kilichonitia hofu zaidi ni hilo neno lake. Inapita kila kitu! Hata mwanafunzi hodari hukosea mahali. Nikachukua tatizo la mazoezi ambalo programu ilikuwa ikilipita kila siku, nikabadilisha majina tu. Palipoandikwa Tetu nikaandika Gakindu, na palipoandikwa Gakindu nikaandika Tetu. Kingine chochote sikukigusa.

Asubuhi, mbele ya daktari, nikaanza na hilo. Programu ilijibu upesi. Mgonjwa alikuwa Gakindu. Mtungi ukapelekwa Tetu, vile ilivyozoea.

"Na huyu wa Gakindu?" daktari akauliza.

Mkurugenzi akawageukia watengenezaji. "Mmeikaririsha?"

Mmoja wao akainama. "Tulitaka ipite, bosi."

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, msiwacheke. Sisi wote tumesoma kwa kukariri karatasi za zamani, na tuliipa mashine malezi yetu wenyewe.

Makabidhiano yakaahirishwa, kazi ikarudi mwanzo. Jioni nilikuwa nikikusanya vitu vyangu Mkurugenzi aliposimama mlangoni. "Unaenda wapi? Hiyo benki italindwa na nani?" Hakuomba msamaha, nami sikuudai. Nilifanya kazi chini yake hadi nikastaafu.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa kwa dada yangu, Gakindu, kifua kikanibana. Nikalazwa kituoni. Nikamsikia muuguzi akinong'ona kwamba mtungi unaisha. Nilijua vizuri ni nini kinachopanga magari yale, na niliogopa kuliko mgonjwa mwingine yeyote mle ndani. Je, imeniona mimi, ama imekumbuka mtu mwingine wa zamani?

Dereva akaingia na mtungi mpya, koti limelowa chepechepe. Nikasogeza maski.

"Daraja je?"

"Limefungwa, cucu," akaniita kama bibi yake. "Programu imenipitisha barabara ya juu, sijawahi kuipita. Rudisha maski, tafadhali."

Nikairudisha, nikavuta pumzi.