Waya wa Kwenda kwa Ajwang

Ajwang aliolewa boma letu la Kisian mwaka wa njaa, mke wa pili, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi. Mimi, Mama Tom, nilikuwa wa kwanza. Miaka thelathini aliuza omena, vile vidagaa vya ziwani, kando ya barabara ya Busia, akamsomesha mtoto wake mmoja, Fabian, kwa omena hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa kucheka. Hata kwenye matanga ya mzee, mume wetu, alicheka, halafu akalia kutushinda wote.

Mwaka jana moyo wake ulichoka. Daktari akamkataza safari. Na Fabian alikuwa anapewa upadri ng'ambo mwezi wa nane. Ajwang alitaka kitu kimoja tu: apokee ile baraka ya kwanza padri mpya humpa mama yake, hata kama ni kwa tivi.

Fundi Wakhisi akaja na waya. Akasema kisanduku cha mtandao kikae kwa Ajwang.

"Kitu kikiingia hili boma kinaanzia nyumba ya kwanza," nikamwambia. "Kwenu hamfunzwi?"

"Sawa, Mama. Basi waya utoke kwako hadi kwake, moja kwa moja."

"Hapo katikati amelala mzee kaburini. Huchimbi mtaro karibu na kichwa chake. Zungusha kwa zizi la ng'ombe."

Akapima kwa hatua. "Mama, waya huu mwisho wake ni mita mia. Kwa zizi ni mia na hamsini, tena lazima niuunge."

"Si uweke ile spidi kubwa? Weka elfu."

"Elfu ya nini? Tivi moja hata megabiti ishirini na tano zinatosha. Mia ni nyingi. Lakini ukivuta waya mbali hivyo, hata hiyo spidi ya mia inaanguka mpaka kumi, na picha inasimama."

"Weka elfu. Na ipite zizini."

Ajwang akacheka kitini, mkono kifuani. "Wakhisi, fanya anavyotaka. Mama Tom akishindwa na mtu siku moja, ataugua kuliko mimi."

Siku ya upadri ilipofika mvua ilinyesha tangu asubuhi, ng'ombe wakakanyaga matope. Ajwang alifunga kitambaa cheupe kichwani. Tukaliona kanisa. Tukamwona Fabian akilala kifudifudi sakafuni, kama wanavyolala wanaopewa upadri, watu wakiimba majina ya watakatifu. Picha ikasimama.

"Mbona haamki?"

"Ni waya, Ajwang."

"Mama Tom, mtoto wangu haamki."

Nilitoka na fimbo yangu, nikaenda zizini, nikautafuta waya matopeni zaidi ya saa nzima. Pale waya ulipoungwa, kwato zilikuwa zimeuzika ndani ya maji. Nikauvuta, nikaupangusa kwa leso, nikauinua juu kwa mikono miwili.

"Imerudi?" nikaita.

Nikauinua zaidi.

"Ajwang! Imerudi?"

Nikaufunga kwenye mti wa ua, nikarudi ndani. Fabian alikuwa amesimama. Alikuwa amenyoosha mikono, anamwita mama yake kwa jina, anambariki. Ajwang alikuwa anamtazama. Kitambaa kilikuwa kimeteleza hadi begani.

Sikumfumba macho mpaka baraka ikaisha.

Baada ya mazishi Wakhisi alikuja tena. Mimi mwenyewe nilimwonyesha pa kuchimba. Waya sasa umenyooka: upande huu kichwa cha mzee, upande ule miguu ya Ajwang. Wakhisi aliweka spidi ya mia. Haijaanguka hata siku moja, na nyumba ile haina mtu wa kutazama.