Mama Tairi na Pikapu Iliyotetemeka

"Yule mama anamwaga misumari barabarani," alisema jirani, uzi ukiwa bado katikati ya meno yake. Alikuwa mshona nguo wa mlango wa pili, na habari za mtaa alizishona vizuri kuliko magauni. "Nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Asubuhi mapema, watu hata chai hawajanywa, ameinama pembeni ya lami na kopo mkononi. Unadhani anafanya nini pale? Anapanda maua?"

Mama Kibonge alimhamisha mwanawe kutoka goti la kulia kwenda la kushoto. Mtoto alikuwa na miezi saba, na mashavu yake ndiyo yaliyowapa wazazi wake wote wawili jina.

"Watu wapate pancha, wamwendee yeye aliyewatoboa," jirani aliendelea. "Na nasikia mumeo anataka kumpelekea gari jipya."

"Si yeye anayetaka, ni mimi."

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu limeshavunjika, jirani. Sasa natafuta gongo tu la kutembelea."

Hakuwa msemaji mkubwa. Shule aliiacha darasa la saba, lakini alijua kutazama, na kwa wiki tano sasa alichokuwa akitazama ni uso wa mume wake ukipungua siku hadi siku.

Baba Kibonge alikuwa fundi wa madirisha. Alikata chuma, akachomelea, akapaka rangi na kutia vioo. Alipopewa kazi ya madirisha arobaini ya wodi mpya ya wazazi, mji wa pili kutoka hapo kwa barabara kuu, walijikusanya wakanunua pikapu. Nyeupe, milango minne, viti vikiwa bado na nailoni. Siku ilipoingia uani, majirani walitoka kuitazama kama bibi harusi.

Mitaani ilitulia kama maji ya mtungini. Barabara kuu ndiko ilikoonyesha tabia yake. Mshale ukivuka themanini, usukani ulianza kutetema. Ukifika tisini, kiti nacho kiliitikia. Ukifika mia, kwenye kioo cha pembeni lori moja la nyuma lilionekana mawili. Baba Kibonge alisema meno yake yanagongana kama ya mgonjwa wa homa.

Meno angeyavumilia. Vioo havikuvumilia. Safari ya kwanza vitatu vilifika na ufa, safari ya pili vitano. Msimamizi wa ujenzi alimwita pembeni.

"Fundi, kazi yako safi. Lakini mimi sijengi wodi ya wazazi kwa vipande. Ukileta kioo chenye ufa Jumamosi, hata kimoja, nitatafuta mtu mwingine."

Kwenda polepole alikwishajaribu. Malori yalimpigia honi mgongoni mpaka akaingia porini. Dukani aliponunua gari alikwenda mara tatu. Vijana wa ovaroli safi walifungua magurudumu, wakayazungusha kwenye mashine, mashine ikasema yote sawa. Mara ya tatu kijana mmoja alimwambia, "Mzee, pikapu ni gari la mzigo. Ikiwa tupu hurukaruka."

"Na ikiwa na mzigo?"

"Basi tatizo litakuwa mzigo."

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, Mama Kibonge alitaja tena jina la Mama Tairi, yule fundi wa matairi. Mume alikunja uso. "Nimpelekee gari mtu anayetega watu?"

"Wewe umemwona akitega?"

"Watu wanasema."

"Watu walisema pia kwamba mtoto wetu atakuwa wa kike."

Baba Kibonge alimtazama mwanawe wa kiume, akacheka bila kutaka, akachukua ufunguo. "Mfa maji hukamata maji," alisema. "Twendeni."

Mama Tairi alifanya kazi chini ya bati nne zilizoshikiliwa na nguzo za chuma, pale barabara ya mtaa inapoungana na barabara kuu. Alikuwa mwanamke wa mifupa mikubwa, anayekaribia miaka sitini, na shati la kiume lililopauka na buti nyeusi. Zamani aliuza chai mahali pale pale, fundi akiwa mzee mwingine. Siku moja mzee huyo alishindwa kulivua tairi la lori, akamwomba muuza chai amshikie chuma. Akamshikia siku hiyo, na kesho yake, na miaka mitatu. Mzee alipochoka na kurudi kwa watoto wake, alimwachia mashine na wateja. Birika la chai Mama Tairi alilibakiza, kwa ajili ya wanaosubiri.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mgonjwa ni nani, gari au mwenye gari?"

"Wote wawili," alisema Baba Kibonge.

Hakuligusa gari. Alikaa juu ya tairi, akauliza kama muuguzi. Linaanza kwenye mwendo gani? Linatetema usukani au kiti? Ukikanyaga breki linazidi? Ukivuka mia na kumi linapoa? Baba Kibonge alijibu yote. Kwa mara ya kwanza tangu wanunue gari, mtu alikuwa anamwuliza bila kumwona mlalamishi, na Mama Kibonge aliona mabega ya mumewe yakishuka kidogo.

"Twende likanisimulie lenyewe," alisema Mama Tairi.

Alikaa mbele, kiganja kimoja juu ya dashibodi, kingine kwenye kiti ubavuni mwake, akafumba macho. Mama Kibonge alikaa nyuma na mtoto. Mshale ulipanda, mtetemo ukaja.

"Unaona sasa!" alisema Baba Kibonge. "Mimi nilisema..."

"Shh. Ongeza kidogo. Punguza. Ongeza tena. Achia mafuta, liende lenyewe." Mama Tairi alikuwa kama mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili. Baadaye akafumbua macho. "Mbele linatetema, nyuma linatetema, na kipimo ni kile kile. Rudi."

"Ni nini, mama?"

"Bado sijui. Ila magurudumu manne hayaugui ugonjwa mmoja siku moja, isipokuwa yamelishwa na mkono mmoja."

Walipofika, aliingiza jeki, akafungua gurudumu la kwanza. Vijana wa dukani walikuwa wakilibeba gurudumu mbio mpaka kwenye mashine. Yeye alilisukuma kando kama mgeni asiyehitajika, akachuchumaa kwa shida mbele ya pale lilipotoka. Palikuwa na habu, ile sahani ya chuma ambayo gurudumu hukaa juu yake. Akapitisha kidole kuizunguka, taratibu. Kidole kikasimama. Kikaendelea. Kikasimama tena.

"Rangi hii nyekundu, nani kapaka?"

"Ah! Mimi mwenyewe," alisema Baba Kibonge, na kifua kikapanda. "Jumapili ya kwanza kabisa. Nilifungua magurudumu yote manne, nikapaka, nikarudia mara ya pili. Rangi ya kuzuia kutu, ile ninayopaka mageti. Chuma bila rangi ni chakula cha kutu, mama."

Mama Kibonge aliinamisha uso, maana Jumapili ile yeye ndiye aliyeshika kopo la rangi, mtoto akiwa mgongoni, na ndiye aliyesema, "Limependeza hata pasipoonekana."

"Njoo, mwanangu," Mama Tairi alimwambia yeye, si mumewe. "Lete kidole. Fumba macho."

Akakiongoza kidole chake juu ya chuma. Palikuwa laini, laini, halafu kitu kidogo kigumu, tone la rangi lililoteremka likakaukia hapo. Mbele kidogo, tone jingine.

"Kama punje ya mchele," alisema Mama Kibonge.

"Hapa ni punje. Lakini gurudumu likikaa juu ya punje hiyo linakaa upande, na kule ukingoni mwa tairi punje inakuwa ngumi. Kwenye mashine gurudumu linazunguka sawa, kwa sababu kosa halijabebwa kwenye mashine. Limebaki hapa kwenye gari." Akamgeukia Baba Kibonge. "Ni sawa na kigoda chenye mguu mmoja mrefu. Ukikalia umetulia, hujui. Anza kucheza ngoma juu yake."

"Mbona dukani hawakuona?"

"Waliona. Wakadhani imetoka hivyo kiwandani. Umepaka vizuri mno."

Baba Kibonge aliketi chini kwenye vumbi na suruali yake safi. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyevunja vioo vyangu."

Mama Kibonge alitaka kusema kwamba na yeye alishika kopo, lakini Mama Tairi alikuwa ameshaanza kucheka, kicheko cha chini kisicho na sumu.

"Nimeona wanaume wanavyoua magari, baba. Kwa ulevi, kwa mizigo, kwa uchoyo wa kununua mafuta ya injini. Wewe ni wa kwanza kutaka kuliua kwa mapenzi. Inuka. Msasa ule pale. Fundi aliyepaka ndiye atakayekwangua."

Akainuka, magurudumu mengine matatu yakafunguliwa, akakwangua. Yeye mbele, Mama Tairi nyuma kwa brashi ya waya, vumbi jekundu likiwapaka wote mpaka kope. Alipodhani amemaliza, Mama Tairi alipitisha kidole na kusema, "Bado." Mara ya pili, "Bado." Mara ya tatu hakusema kitu, na Baba Kibonge alitabasamu kama mtoto aliyepata vema kwenye daftari.

Mama Kibonge alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, akinywa chai. Karibu na mguu wake palikuwa na kopo kubwa lililojaa misumari, na fimbo yenye sumaku iliyofungwa kwenye ncha. Alilitazama kopo kwa muda mrefu, mpaka Mama Tairi akamwona.

"Malori ya mbao hayo," alisema bila kuacha kazi. "Kila siku yanadondosha. Naokota kabla magari hayajawa mengi."

"Lakini mama, si misumari ndiyo inayokuletea wateja?"

"Mteja wa msumari huja na hasira, hukaa na hasira, huondoka na hasira. Nimpeleke wapi?" Akapuliza vumbi kwenye brashi. "Najua wanasema namwaga. Siwalaumu. Anayeinama kuokota na anayeinama kumwaga, ukiwa mbali, migongo yao inafanana."

Mama Kibonge alikunywa chai iliyobaki kwa mkupuo mmoja, kwa aibu ya maneno ambayo hakuyasema yeye. Jioni ile ile alimweleza mshona nguo kuhusu fimbo ya sumaku. Jirani alikata uzi, akafikiri, akasema, "Basi mimi niliona mgongo tu," na tangu hapo hakuigusa tena habari hiyo.

Magurudumu yalirudi mahali pake. Mama Tairi alizungusha nati kwa vidole kwanza, zote, ndipo akachukua spana, akakaza moja kisha ya upande wa pili, moja kisha ya upande wa pili. "Nati haikazwi kwa hasira," alisema. "Ukiikaza moja ikashiba, wenzake zinalala njaa."

Wakaingia barabarani. Themanini. Tisini. Mia. Lori lililokuwa nyuma lilionekana moja, na namba zake zikasomeka. Baba Kibonge aliondoa mkono mmoja kwenye usukani, akaushika tena kwa kutoamini. Kibonge alikuwa amelala, shavu limemwagikia mkononi mwa mama yake, na halitikisiki.

Jumamosi mume aliondoka na vioo ishirini na vinne. Mama Kibonge alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alipika, akasahau chumvi. Kila simu iliyolia kwa jirani aliisikia kama yake. Saa saba na nusu, simu yake ikaita.

"Msimamizi amevigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole," sauti ya mumewe ilisema, na nyuma yake nyundo za ujenzi zilisikika. "Kimoja kimoja, mama mtoto. Nilitaka kuzimia."

"Halafu?"

"Havina ufa. Ameniambia nilete vilivyobaki, kisha nianze milango."

Aliketi kwenye ngazi ya uani na simu mkononi. Hakulia, ila ilibidi atazame juu kidogo. Aliwaza jinsi mama mzee alivyochuchumaa kwa shida mbele ya chuma cha watu, na kwamba angeweza kumdhihaki mumewe, lakini alimpa msasa.

Jumapili mchana alimfunga mtoto mgongoni, akaenda. Mama Tairi hakuwa na mteja. Alikuwa amekaa kwenye benchi, buti moja imevuliwa, uso umekunjamana.

"Vimefika, mama," alisema Mama Kibonge. "Vyote."

"Alhamdulillahi, au vyovyote unavyoshukuru wewe." Uso ulifunguka. "Nilikuwa nakisubiri kioo kimoja tu kinisute."

"Nimekuja kusema asante. Ya mdomo peke yake naiona ndogo. Malipo baba mtoto alikupa, lakini hayo ni ya kazi. Mimi nikupe nini?"

"Sitaki kitu, mwanangu."

"Fikiri kidogo."

Mama Tairi alitazama barabara. Akatazama mguu wake wenye soksi. Mwanamke aliyemsimamisha mume wa mtu na kumkwangulisha rangi mara tatu, ghafla hakujua pa kuweka macho.

"Kuna jambo," alisema polepole. "Ni la aibu. Binti wa dada yangu alikuwa akinifanyia, sasa amepata kazi mbali, na mgongo wangu umegoma kufika huko chini. Nilijaribu kwa koleo, nikajitoa damu." Akaivua soksi. "Wewe una mtoto, una mkono mwepesi. Nikate kucha za miguu, mwanangu. Uanze na huu wa kushoto, na pale kwenye dole gumba uende taratibu."