Kazi Yangu ya Kumlinda Babu

Siku ya kwanza kazini nilimwambia babu kwamba meli inang'oa nanga bandarini Itungi. Nilitaka tu kuona atafanya nini. Babu, aliyekuwa baharia zamani, alivaa koti akaondoka. Nilimkuta barabarani akimfokea mwendesha bodaboda kwa kuchelewesha abiria.

Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa babu, likizo ya kidato cha tatu. Mkuu wangu alikuwa mama, ila alitoa amri akiwa nyuma ya jiko. Babu ni baba mkwe wake, na katika ukoo wetu mkamwana hamsogelei baba mkwe: hapiti mbele yake, hamtazami usoni. Baba alikuwa Malawi na biashara zake. Kwa hiyo chakula, kuoga na safari za chooni vilikuwa idara yangu.

Mafunzo nilipewa na daktari, baada ya ile safari ya meli.

"Babu yako si mkaidi. Ana Alzheimer," alisema. "Kuna protini inaitwa amiloidi. Vipande vyake vinanatana, vinarundikana kati ya seli za ubongo kama takataka zinavyoziba kalavati. Ujumbe haupiti. Nyingine ni tau. Hiyo hushikilia njia za kusafirisha chakula ndani ya seli. Ikiharibika inajisokota, njia zinabomoka, seli inakufa. Ya jana yanapotea kwanza, ya zamani yanakawia."

"Hakuna dawa ya kuzibua?"

"Seli iliyokufa hairudi. Wewe mpe nyumba ile ile, saa zile zile, na usibishane naye."

"Na utani?"

"Utani sawa. Meli, hapana."

Nikawa fundi. Akidai hajala, nampa ndizi nyingine bila kesi. Akiniita kwa jina la marehemu kaka yake, naitika. Aliniagiza nikafunge ng'ombe tusiokuwa nao. Nikawafunga.

Tatizo lilikuwa shule. Ikifunguliwa narudi bwenini, na babu anabaki na mtu asiyemsogelea. Shangazi alikuja kutoka Ngana kukagua.

"Nampeleka kwangu," alisema.

"Daktari kakataza nyumba ngeni, shangazi. Atachanganyikiwa zaidi."

"Basi nani atamwogesha?" Akageukia jikoni. "Wewe mama, utamwogesha kwa kupiga kelele toka jikoni?"

Mama aliendelea kusonga ugali.

Wiki ya mwisho babu aliteleza migombani, mvua imetoka kunyesha. Nilimvuta, akanisukuma, tukaanguka wote. Mimi nilicheka. Babu alikuwa anatetemeka.

Mama alitoka, akasimama mbali na kitenge mkononi. Kisha akaja mpaka mbele yake, akamshika mkono. Nilisubiri babu ageuze uso. Hakugeuza. Alimtazama, akasema, "Ndaga, juuba." Yaani, asante, mama.

Ndipo nilipostaafu, nikiwa na miaka kumi na sita, bila kiinua mgongo. Wastaafu husema kazi imewafunza mengi. Mimi niliona hili moja: babu alikuwa ameshaisahau ile mila. Mama alikuwa anaikumbuka yote.

Alimfuta tope usoni, akaniambia bila kunitazama:

"Kafungashe vitu vyako vya shule. Ila kwanza niletee maji ya moto. Miguu nitamwosha mimi."